Mbuzi kwanza, ng'ombe baadaye: tufanye hesabu pamoja

Tangu familia nyingi zitoke kwenye kambi za kandokando ya Goma mwaka 2025 na kurudi kwenye vilima vya Masisi, kuna swali linalonifuata kila nikipita sokoni na mikrofoni yangu. Mtu ameanza tena na mbuzi kumi, wengine wa kupewa, wengine wa kununua. Anauliza kama auze saba anunue ng'ombe.

Mimi ni mtoto wa hapa, najua kwa nini ng'ombe anavuta roho. Kwetu, mwenye ng'ombe anasalimiwa wa kwanza. Kwake kunatoka mahari, maziwa na jibini. Wazee wangali wanakumbuka makundi yaliyomalizwa na vita vya miaka ya 1990, na wanayataja sawa vile mtu anavyotaja ndugu zake. Kwa mtu aliyepoteza vyote, kununua ng'ombe ni kusema: nimerudi nyumbani kweli. Hamu hiyo siicheki. Lakini hesabu nayo inapashwa kufanywa.

Mbuzi anabeba mimba miezi 5 tu, na mara nyingi anazaa mapacha. Ng'ombe anabeba miezi 9 na kuzaa ndama mmoja. Tena mtamba wa asili, yaani jike asiyezaa bado, anaweza kupitisha miaka 3 mbele ya kuzaa mara ya kwanza. Tuseme, kwa mfano, bei ya mtamba ni sawa na mbuzi majike 7. Hao 7, hata kama kila mmoja anakuza mtoto mmoja tu kwa mwaka, ndani ya miaka 2 wamekupa watoto 14. Kwa muda huohuo mtamba amekupa ndama mmoja, ao hapana hata mmoja. Na siku mtoto anarudishwa kutoka masomo kwa kukosa feza, hautakata mguu wa ng'ombe uupeleke sokoni. Mbuzi mmoja anauzwa, wengine wanabaki.

Basi ng'ombe hana faida? Anayo, kama anaongezwa juu ya mbuzi, si kuchukua nafasi yao. Mbuzi anapenda majani ya vichaka. Ng'ombe anakula nyasi. Kwenye kilima kimoja hawagombani sana, na nyasi ambayo mbuzi wanaiacha inageuka maziwa na mbolea ya shamba la maharagi. Minyoo mingi inayosumbua mbuzi haiishi tumboni mwa ng'ombe, kwa hiyo ng'ombe mkubwa akipita pale mbuzi walipolisha, anasafisha malisho.

Kuko pia magonjwa. Tauni ya mbuzi iliua mbuzi wengi sana katika Kongo mwaka 2012, lakini haiui ng'ombe. Homa inayoletwa na kupe, ile inayovimbisha tezi chini ya masikio, inaangusha ndama na kuacha mbuzi. Mwenye aina mbili hapotezi zote kwa ugonjwa mmoja.

Njia ninayoiona nzuri ni hii: usiguse mbuzi mama. Uza madume yaliyonenepa, weka feza pembeni kwenye chama cha akiba, na mtamba anunuliwe na madume hayo. Ikichukua miaka miwili, ichukue. Majirani wawili ao watatu wanaweza kuungana kwa ng'ombe mmoja, na kupatana tangu mwanzo, mbele ya mashahidi, nani atachukua ndama wa kwanza na nani wa pili.

Mbele ya kununua, tafuta chakula chake. Ng'ombe mmoja mkubwa anakula karibu sawa na mbuzi 7. Panda matete kwanza, hata kwenye mipaka ya shamba, uyaone yamekomaa. Ukiwa umepokelewa kwenye udongo wa mtu mwingine, muulize mwenyewe wazi kabisa. Ng'ombe akiingia katika maharagi ya jirani usiku mmoja, ugomvi unaotoka hapo unaweza kuzidi bei yake. Hapa kwetu tunajua ugomvi wa mkulima na mfugaji unafika wapi.

Halafu usalama. Mbuzi wanalala jikoni na mlango unafungwa. Ng'ombe halali jikoni. Siku ya kukimbia, mbuzi anavutwa na kamba na kuuzwa njiani ili watoto wale. Ng'ombe anauzwa kwa bei ya kutupa, ao anabaki nyuma. Kwa hiyo wewe ambaye ungali unalala na viatu karibu ya mlango, bakia kwanza na mbuzi. Hiyo si umaskini.

Na kwa wale ambao ng'ombe amekwisha kufika: ng'ombe wa asili anaweza kutoa lita 1 mpaka 3 kwa siku baada ya ndama kunyonya. Wape watoto kwanza, uza inayobaki. Chemsha maziwa kila mara, kwa sababu ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe na mbuzi unaingia kwa watu kupitia maziwa mabichi. Jike akitupa mimba, ita muganga wa mifugo, na usishike kitoto hicho kwa mikono mitupu.

Mwenye kuwa na hesabu yake ya mbuzi na ng'ombe, anisimamishe sokoni. Tutaifanya pamoja, wengine wasikie.