Kichochoro kimoja cha Mji Mkongwe, filamu mbili

Jua linapoanza kushuka upande wa bahari, bustani ya Forodhani mjini Unguja hujaa watu. Wauza pweza na mishikaki hupanga meza zao, mkamua miwa huzungusha gurudumu la mashine, na vijana hukimbia hadi ukingoni na kujitosa baharini mmoja baada ya mwingine huku wapita njia wakishangilia. Katikati ya pilikapilika hizo, siku hizi si ajabu kukuta wanafunzi watatu au wanne na simu moja. Mmoja anarekodi, mmoja anaigiza, mmoja anawazuia watu wasikatize mbele ya kamera, na wa mwisho anafuatilia maneno kwenye daftari.

Mzazi anayepita huona watoto wanaochezea simu. Mara nyingi ni kazi ya darasa au ya klabu ya shule: video ya dakika mbili au tatu kuhusu usafi, lishe, dawa za kulevya au ugonjwa fulani. Kazi hiyo ina hatua mbili ambazo mpita njia hazioni. Kwanza, wanafunzi huchagua aina ya filamu: ya kuchekesha, ya kutisha, ya huzuni au ya kufundisha. Kisha, usiku nyumbani, mmoja wao huinamia programu ya kuhariri kwenye simu na kuanza kukata na kuunganisha vipande.

Hatua hizo mbili ndizo zinazoamua mtazamaji aondoke na nini kichwani. Mji Mkongwe ni mahali pazuri pa kulielewa hilo, kwa sababu kila aina ya filamu ina kona yake hapa, na kona hizo zimetenganishwa na mwendo mfupi tu wa miguu.

Forodhani na Ngome Kongwe

Aina ya filamu ni kama ahadi kati ya anayetengeneza na anayetazama. Mtazamaji akiona mwanga mwingi, rangi kali na watu wengi kwenye picha moja, anajiandaa kucheka. Forodhani inafaa kwa hilo. Kijana anaruka kuelekea majini, mhariri anakata kabla hajagusa maji, na picha inayofuata ni uso wa mama mwenye kanga iliyolowa chapachapa. Hakuna aliyeonyeshwa akirushiwa maji, lakini kila mtu anajua kilichotokea. Kicheko kimezaliwa pale vipande viwili vinapokutana.

Ukivuka barabara unafika Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwishoni mwa karne ya 17. Ndani yake kuna ukumbi wa wazi wenye ngazi za kukalia. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1990, ngome hii imekuwa moja ya makao ya Tamasha la Filamu la Kimataifa la Zanzibar, ZIFF, na watoto wengi wa mji huu wameonja filamu kwenye skrini kubwa wakiwa wameketi kwenye ngazi hizo.

Kuta kama hizi zina ahadi nyingine: hadithi ya zamani. Filamu ya Vuta N'kuvute ya mwaka 2021, iliyoongozwa na Amil Shivji kutokana na riwaya ya Adam Shafi, inaturudisha Zanzibar ya miaka ya 1950. Mwanafunzi anayejaribu aina hiyo hugundua haraka kwamba kazi kubwa ni kuondoa: pikipiki iliyoegeshwa, dishi la televisheni juu ya paa, chupa ya plastiki kwenye baraza. Kosa moja dogo likionekana, mtazamaji anarudi mwaka huu.

Jaws Corner na papa asiyeonekana

Kutoka Ngome Kongwe, vichochoro vinaingia ndani na kubana. Nyumba ni ndefu, anga ni utepe mwembamba juu, na hatua za mtu usiyemwona husikika kabla hajatokeza konani. Baada ya kupotea mara moja au mbili unafika Jaws Corner, njia panda ambapo wazee hukaa barazani wakinywa kahawa kwa vikombe vidogo, wakicheza dhumna na kubishana siasa na mpira. Mchoro wa papa ukutani unaeleza jina: kona hii imeitwa kwa filamu ya Jaws ya mwaka 1975.

Filamu hiyo ni somo kamili la uhariri wa kutisha. Papa wa mitambo aliyetengenezwa kwa ajili yake alikuwa akiharibika mara kwa mara kwenye maji ya chumvi. Mwongozaji Steven Spielberg na mhariri Verna Fields wakalazimika kumficha. Badala ya papa, mtazamaji anaonyeshwa maji, miguu inayoelea na nyuso za watu ufukweni, huku akisikia noti mbili za muziki wa John Williams zikirudiwa kwa kasi inayozidi. Fields alipata tuzo ya Oscar kwa uhariri huo, na watu wengi waliacha kuingia baharini.

Lakini kuna sehemu ya pili ya hadithi. Peter Benchley, aliyeandika riwaya iliyozaa filamu hiyo, baadaye aliona jinsi ilivyowachochea watu kuwachukia papa, na akatumia miaka mingi ya maisha yake akiwatetea. Hofu iliyotengenezwa vizuri haikuishia ukumbini.

Kifafa kikiingia kwenye filamu ya kutisha

Hapa ndipo kazi ya mwanafunzi inapogusa afya. Chukulia kundi limepewa mada ya kifafa. Wanafunzi wanachagua kichochoro kilicho karibu na Jaws Corner, msichana mmoja anaigiza kuanguka, na wanarekodi vipande kumi. Kwa kuwa kichochoro chenyewe kina giza, wanavutwa kuelekea filamu ya kutisha. Wamezikulia. Filamu za Kiswahili kama Nsyuka na Shumileta za miaka ya 2000 ziliwafundisha Watanzania wengi jinsi pepo anavyotambulishwa: kamera iliyoinama, sauti nzito ya chini, macho yaliyogeuka, mikato ya haraka haraka.

Mhariri anafanya hivyo hivyo. Kipande cha mkono unaotetemeka, nusu sekunde. Kipande cha mdomo wenye povu, nusu sekunde. Paka mweusi anakimbia. Jirani anafunga dirisha. Ngoma inapigwa, kisha giza. Maandishi ya mwisho yanasema: "Kifafa kinatibika, nenda hospitali."

Maneno ni sahihi. Picha zimesema kinyume. Kwa dakika nzima mtazamaji ameambiwa, kwa lugha anayoielewa bila kufikiri, kwamba aliyeanguka ana pepo, na kwamba jambo la busara ni kufunga dirisha. Maandishi ya sekunde tatu hayawezi kuifuta hiyo dakika.

Karibu miaka 100 iliyopita, mwongozaji wa Urusi Lev Kuleshov alilionyesha jambo hili kwa jaribio ambalo hadi leo linafundishwa kwenye vyuo vya filamu. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji, usioonyesha hisia yoyote, akaiunganisha na bakuli la supu, kisha na jeneza, kisha na mwanamke. Uso ulikuwa ule ule. Watazamaji walidai wameona njaa, huzuni na mapenzi. Maana haikuwa usoni, ilikuwa kwenye kiungo. Mwili wa msichana aliyeanguka ukiunganishwa na paka mweusi, watu wataona shetani. Ukiunganishwa na mkono unaomwekea kanga chini ya kichwa, wataona mgonjwa.

Zanzibar inajua gharama ya hofu inayosambaa. Mwaka 1995 uvumi wa popobawa ulianzia Pemba ukavuka hadi Unguja. Familia zilitoka ndani na kulala nje kwa pamoja, zikikesha kando ya moto. Katika msukosuko huo, mtu mmoja mwenye maradhi ya akili aliuawa na umati mjini Unguja. Uvumi ule ulisafiri kwa midomo tu. Video ya mwanafunzi leo husafiri kwa kubonyeza mara moja.

Na kifafa si jambo la wachache. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao milioni 50 duniani wanaishi na kifafa, karibu asilimia 80 kati yao wakiwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Shirika hilo linasema hadi asilimia 70 wangeweza kuishi bila kuanguka wakigunduliwa na kutibiwa ipasavyo. Wengi hawafiki kwenye dawa kwa sababu familia huanza na kufukiza, au humficha mtoto ndani. Darasani, mtoto mwenye kifafa ndiye atakayekaa kiti cha nyuma video ya wenzake ikionyeshwa.

Vipande vile vile, filamu nyingine

Jambo la kutia moyo ni kwamba kundi lile halihitaji kuanza upya. Linahitaji kubadilisha ahadi. Badala ya kutisha, wachague filamu ya kufundisha yenye hadithi ndani yake. Muziki unaondolewa, sauti za mtaa zinabaki: vikombe vya kahawa, dhumna, kengele ya baiskeli. Mikato inapungua. Msichana anaanguka na kamera inatulia kwa mbali, sawa na jicho la mtu aliyekaa barazani.

Bibi mmoja anainuka. "Mpisheni apate hewa," anasema. "Mlaze ubavu, mwanangu. Usimtie kitu mdomoni."

Kila kipande sasa kina kazi. Mikono inasogeza vikombe vya moto na vitu vigumu mbali naye. Kanga iliyokunjwa inawekwa chini ya kichwa. Vifungo vya shingoni vinalegezwa. Hakuna anayemkandamiza, hakuna anayemnywesha maji, hakuna anayemtia kijiko mdomoni. Kisha picha ya karibu ya saa ya mkononi, kwa sababu dakika ndizo zinazoamua: mtikisiko ukizidi dakika 5, ukirudi kabla hajazinduka, au ikiwa ndiyo mara yake ya kwanza, apelekwe hospitali haraka. Mtoto mdogo aliyepata degedege kwa homa naye apelekwe, kwani nyuma ya homa hiyo panaweza kuwa na malaria au homa ya uti wa mgongo.

Kipande cha mwisho ndicho ambacho filamu ya kutisha haiwezi kuwa nacho. Msichana anafumbua macho na kuuliza yuko wapi. Bibi anamjibu. Mhariri akiacha kipande hicho kiende sekunde kumi bila kukata, mtazamaji anapata muda wa kumwona kama mtu.

Mimweko ni suala la afya pia

Toka vichochoroni kuelekea Vuga na utaliona jengo la sinema la Majestic, lililojengwa miaka ya 1950 mahali palipokuwa na ukumbi wa Royal uliofunguliwa mwaka 1921 na baadaye kuungua. Enzi za kumbi hizo, mtazamaji alikaa mbali na skrini. Leo skrini iko kiganjani, gizani, chini ya shuka.

Ndiyo maana mbinu moja ya uhariri inayopendwa sana na vijana inahitaji tahadhari: mimweko ya haraka ya nyeupe na nyeusi, au ya nyekundu na buluu. Desemba 1997 nchini Japani, kipindi kimoja cha katuni ya Pokémon kilikuwa na mimweko ya aina hiyo kwa sekunde chache. Watu zaidi ya 600, wengi wao watoto, walipelekwa hospitali wakiwa na kizunguzungu, kutapika au mitikisiko. Wenye kifafa kinachoamshwa na mwanga ni sehemu ndogo tu ya wagonjwa, lakini mhariri hajui ni nani atafungua video yake. Kanuni inayofuatwa na watengenezaji makini ni rahisi: mimweko isizidi mitatu kwa sekunde moja.

Maswali ya mzazi mbele ya skrini

Mbele kidogo ya Vuga, miti ya Mnazi Mmoja inaanza kuonekana na hospitali iko jirani. Kutoka Jaws Corner hadi hapa ni mwendo wa dakika chache tu, lakini kwa familia inayoogopa majirani watasema nini, umbali huo unaweza kuchukua miaka.

Mzazi hahitaji kujua programu ya kuhariri ili amsaidie mtoto. Anaweza kuomba aonyeshwe video kabla haijatumwa popote, kisha aulize mambo manne. Ukizima sauti, picha peke yake zinasema nini kuhusu mgonjwa? Mtu aliye na ugonjwa huu akiitazama, atajiona mgonjwa au atajiona kiroja? Baada ya kuitazama, mtu atajua afanye nini kwanza? Na aliyeonekana humo amekubali, au mzazi wake amekubali?

Swali la mwisho halina mjadala. Anayeanguka kwenye video awe mwigizaji. Mgonjwa halisi aliyelala chini hawezi kukubali wala kukataa, na mwenye simu wakati huo ana kazi moja: kuiweka mfukoni na kusaidia, au kuitumia kupiga simu ya kuomba msaada.

Mtoto akilalamika kwamba video isiyo na ngoma wala paka mweusi haitapendwa, mpeleke Jaws Corner. Akae barazani, anunue kahawa na kutazama watu kwa nusu saa. Ataona jinsi mzee anavyomsogezea mgeni nafasi bila kuambiwa. Hicho nacho ni kipande cha filamu, na kinapatikana bure kila jioni.