Unene Usio Afya

Wazee walinena: kikulacho ki nguoni mwako. Sisi wenye kulea watoto twaweza kuongeza kwamba pengine ki tumboni mwa mwanao, nacho hakisemi neno.

Minyoo mikubwa ya tumbo twaijua sote, maana huonekana kwa macho chooni. Yuko mwingine mdogo sana, ambaye waganga humwita strongiloidesi. Jike lake lina urefu wa milimeta 2 hivi, nalo hukaa katika utumbo mwembamba. Wana wake huishi katika udongo uliochafuliwa na mavi. Mtoto akikanyaga hapo bila viatu, hupenya ngozi yake, hufuata damu mpaka mapafuni, hupanda kooni, humezwa na kushuka tumboni. Minyoo mingine huzeeka na kufa. Huyu hafanyi hivyo, kwa kuwa baadhi ya wana wake hukomaa mle mle utumboni na kumwingia upya mtu yule yule. Wafungwa wa vita waliojengeshwa reli ya Siam na Burma, mwaka 1942 na 1943, wengine wao walionekana kuwa naye bado miaka zaidi ya 30 baadaye.

Mwili wenye nguvu humzuia asizidi. Lakini nguvu za kujikinga zikivunjika, wana wake huongezeka bila kipimo, huenea mapafuni, katika ini, hata katika ubongo, na kuingiza vijidudu vya utumbo katika damu. Wengi waliopatwa na hayo wamekufa. Na ni kitu gani hasa huzivunja nguvu hizo? Ni dawa za jamii ya kortizoni, kama deksametasoni na prednisoloni.

Hapo ndipo tunapoona hofu. Katika masoko yetu ya Kongo vidonge vya deksametasoni huuzwa bila karatasi ya mganga, na watu huvinunua ili wanenepe. Mama mmoja, jirani yetu, alimpa binti yake aliyekuwa mwembamba. Mashavu yalijaa upesi, na majirani wakamsifu. Je, ile ilikuwa afya? La, ilikuwa maji na mafuta yaliyoletwa na dawa. Baada ya majuma machache mtoto alishikwa na kuhara, kikohozi na homa kali. Hospitalini walimkuta na minyoo hiyo, naye alipona kwa shida kubwa.

Basi, wazazi wenzetu, mtoto akikonda, tuulize kwanza sababu. Tumpeleke apimwe mavi, tena si mara moja tu, maana mnyoo huyu hujificha. Dawa yake ni ivermektini, lakini mganga ndiye wa kuitoa: watoto wasiofika kilo 15 kwa kawaida hawapewi bila shauri lake, na penye ugonjwa wa loaloa yaweza kuleta madhara makubwa. Mtoto ambaye mganga amempa kortizoni kwa ugonjwa mwingine asiiache ghafula, kwani hilo nalo ni hatari. Bali mama amwambie mganga kwamba mtoto hucheza udongoni bila viatu.

Nyumbani tuchimbe choo chenye kufunikwa, na watoto tuwavike viatu. Fedha ya vidonge vile inunue maharagwe, ndagala na karanga za kutia katika sombe. Chakula hicho hunenepesha polepole, lakini unene wake ni wa kweli.