Kwa Nini Sufuria Haishiki Kutu?

Liache jembe nje usiku wa mvua. Asubuhi utaona limeanza kushika kutu. Sasa itazame sufuria. Kila siku inaguswa na maji, lakini haina kutu nyekundu. Kwa nini?

Jembe ni chuma. Sufuria ni alumini. Kutu ya chuma hubanduka. Ikibanduka, maji na hewa hupata njia, na chuma huendelea kuliwa. Alumini ikiguswa na hewa hufanya utando mwembamba sana na mgumu. Utando huo haubanduki ovyo. Huzuia maji na hewa visiingie. Ukiukwaruza, mwingine hutokea mara moja.

Mjini London, Uingereza, iko sanamu ya alumini iliyosimamishwa nje mwaka 1893. Zaidi ya miaka 130 imepita, na bado ipo.

Ndiyo maana watu huezeka nyumba kwa mabati ya alumini. Lakini alumini nayo ina adui zake.

Mjomba wangu anakaa karibu na bahari. Aliuza nazi misimu mitatu ili anunue mabati ya alumini. Fundi akayapigilia kwa misumari ya chuma kitupu. Baada ya miaka michache mabati yalitoboka penye misumari. Kwingine kote yalikuwa mazima. Chuma na alumini vikigusana penye maji ya chumvi, alumini huliwa upesi. Shaba huidhuru zaidi.

Ndugu msomaji, fedha ya paa haipatikani mara mbili. Basi shika haya:

1. Nenda dukani na sumaku. Bati la alumini halishiki sumaku. Likishika, ni chuma kilichopakwa zinki au alumini juu. Bati hilo si baya, lakini usililipie bei ya alumini tupu.

2. Tumia misumari ya alumini, au iliyopakwa zinki na yenye kipande cha mpira chini ya kichwa.

3. Usiache simenti mbichi, chokaa au majivu yenye maji juu ya bati. Huula ule utando.

4. Ukikaa pwani, osha kwa maji baridi sehemu za bati zisizofikiwa na mvua. Huko ndiko chumvi hujikusanya.

Mwulize fundi habari za misumari kabla hajapanda ngazi. Akishashuka, umechelewa.