Mkono Ukirudi Mtupu

Najua nimekuwa kimya tangu tumalize UE. Nipo nyumbani Mafia, Kilindoni, nakula pweza na kulala. Leo sina stori ya chuo, nataka niongelee gemu lililonimalizia likizo: Opus Magnum.

Kwa wasiolijua, lilitoka 2017, kazi ya Zachtronics, studio ya Zach Barth. Wewe ni mwanaalkemia. Unapanga mikono ya mashine mezani, unaipa amri moja moja, mwisho wa siku risasi inakuwa dhahabu. Kisha unapimwa kwa vitu vitatu: gharama, hatua ulizotumia na eneo. Mi nahangaika na hatua tu, yaani spidi.

Utamu ndo unaanzia hapo. Hakuna mkono wenye mbio kuliko mwenzake, kila amri inakula hatua 1. Mkono wa kawaida unashika, unazunguka, unaachia, unarudi: hatua 4, na ile ya kurudi ni mkono mtupu. Ukiweka wenye vishikio sita, hakuna kurudi, maana kishikio kingine kishafika kwenye mzigo. Hatua 4 zinakuwa 3. Ila bei inapanda kutoka 20 hadi 30.

La pili ni kujua kazi inakwama wapi. Risasi inapanda ngazi: bati, chuma, shaba, fedha, dhahabu. Kila ngazi inataka zebaki 1, jumla 5. Kama zebaki inafika moja kila hatua 4, hata uongeze mikono kumi upande wa risasi, dhahabu haitawahi.

Sasa juzi mjomba alikuwa na nazi za kupeleka Dar. Mashua imelala mchangani, maji yakijaa inaelea na kuondoka. Ukichelewa, unasubiri jaa lingine, zaidi ya saa 12. Watu wanne tunafua nazi kwenye vifuo, mmoja tu anabeba hadi pwani. Nazi zilizofuliwa zinarundikana, mjomba anataka kutafuta mfuaji wa tano!

Nikamwambia, "Mjomba, zebaki yetu ni mbebaji. Toa mfuaji mmoja abebe." Akaniangalia kama nimepigwa na jua, lakini akakubali. Rundo likaanza kupungua.

Ila kijana tuliyemhamisha akasimama. Yeye analipwa kwa hesabu ya nazi anazofua. "Nikibeba nalipwa na nani?" Wadau, hilo swali gemu halina. Kule unalipia mkono mara moja tu, unaupeleka popote na wala haukuulizi kitu. Huku spidi ya wote ilikuwa inatoka kwenye mfuko wa mtu mmoja.

Mjomba hakubishana. Akasema hesabu ya siku ile iwekwe pamoja, igawanywe sawa kwa wote watano, pamoja na yule mbebaji wa mwanzo. Kazi ikaendelea, mashua ikaondoka na maji yake.

Basi tukirudi chuo na wahadhiri wakaanza tena habari za ufanisi, mi nina swali moja: hatua zilizookolewa zinaingia mfuko wa nani? Nyie mnaonaje? Mjomba alipatia, au kubeba na kufua visilipwe sawa? Tuonane chuo, bumu likiingia.