Walikale: Kiraka kwenye jezi ya Arsenal

Ndjingala, wilaya ya Walikale. Usiku wa tarehe 29 mwezi wa nne 2025, chumba kimoja cha video kando ya barabara kuu kilijaa mpaka mlangoni. Arsenal ilikuwa inapokea Paris Saint-Germain kule London, nusu fainali ya Ligi ya Mabingwa ya Ulaya, mechi ya kwanza. Ndani kulikuwa na wachimbaji, wamotari, wanafunzi, na watu waliorudi kutoka porini majuma machache tu kabla. Tarehe 19 mwezi wa tatu M23 walikuwa wameingia Walikale-centre, na wakaaji wengi wa kandokando walifunga mizigo bila kungoja. M23 walipoondoka mwanzoni mwa mwezi wa nne, mgodi wa Bisie, ambao kampuni ya Alphamin ilikuwa imeusimamisha, ukaanza tena kazi polepole. Makuta kidogo yakarudi Ndjingala. Jenereta ya video ikawashwa.

Kwenye ubao wa mbele alikaa kijana wa miaka 17 mwenye jezi nyekundu ya Arsenal. Jezi hiyo ilinunuliwa kwenye kaunia, sokoni Birere, Goma, wakati barabara ilikuwa bado inapitika. Kwenye mkono wa kushoto, pale penye maandishi ya Visit Rwanda, palikuwa na kiraka cha bluu kilichotoka kwenye suruali ya zamani ya shule. Mama yake ndiye aliyekishona. Familia hiyo ilitoka Masisi-centre mwezi wa kwanza mwaka huo, M23 walipouteka mji, na mama hakutaka mjadala: njiani kuna vizuizi vingi, kila kimoja na watu wake, na yeye hajui nani atasoma nini kwenye mkono wa mtoto wake. Kijana alilia kwa ajili ya jezi kuliko alivyolia kwa ajili ya nyumba. Mama bado anamcheka kwa hilo.

Dakika ya nne Ousmane Dembélé akafunga. Wakati watu wa Arsenal wameshika vichwa, sauti moja ikatoka nyuma: «Tulieni! Rwanda imefunga, na Rwanda imefungwa!» Chumba chote kikacheka, maana jina lile lile lililoko kwenye mkono wa Arsenal liko pia kwa PSG. Aliyesema hivyo alikuwa mchimbaji, na hakurudia. Hapa utani wa namna hiyo unasemwa mara moja tu.

Nyuma karibu na mlango alisimama mjomba wa kijana, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye kule Masisi alikuwa pia kocha wa timu ya vijana. Yeye hana timu ya Ulaya. Anasema alikuwa nayo, akaiacha. Lakini mechi haikosi, na hesabu za mpira anazijua kuliko wengi wanaovaa jezi.

Hesabu zenyewe si ngumu. Arsenal iliweka sahihi na Rwanda mwaka 2018, na magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba ni zaidi ya pauni milioni 10 kwa mwaka. PSG ikafuata 2019, Bayern Munich 2023, na mwezi huo huo wa nne 2025 Atlético Madrid ikaingia. Siku chache baada ya Goma kuanguka, mwishoni mwa mwezi wa kwanza 2025, waziri wa mambo ya nje wa Kongo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliandikia Arsenal, PSG na Bayern akiomba wavunje mikataba hiyo. Kigali inasema fedha zile ni za utalii, na inakana kuisaidia M23. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika kinyume chake. Ndio hao walioandika pia kwamba M23, tangu walipochukua Rubaya mwaka 2024, wanapata karibu dola 800,000 kila mwezi kwa kodi za coltan peke yake. Rubaya ni Masisi hiyo hiyo. Mwalimu amefundisha watoto ambao baba zao wanachimba kule, na wengine walikuwa wanaacha darasa la tano ili wakabebe mifuko.

Hata hivyo mwalimu si mtu wa kusema kila ubaya unatoka ng'ambo ya mpaka. Kinachomuuma ni kitu kingine, na alianza kukisema miaka minne kabla ya kiraka, wakati Masisi-centre kulikuwa bado na masomo na mechi za Jumapili.

Tarehe 18 mwezi wa nne 2021 redio zilitangaza kwamba klabu 12 za Uingereza, Uhispania na Italia zinaanzisha ligi yao wenyewe, Super League. Timu 20, na kati ya hizo 15 za kudumu, zisizoweza kushuka hata zikifungwa kila juma. Waanzilishi wangegawana euro bilioni 3.5 kwa kuanza tu. Kesho yake mwalimu alichora ngazi kwenye ubao mweusi mbele ya wachezaji wake. Chini aliandika Masisi. Juu yake ligi ya jimbo, LIFNOKI, kule Goma. Juu tena Linafoot, ligi ya taifa, ambako DC Virunga na Dauphin Noir za Goma zimewahi kufika. Halafu Afrika. Halafu akafuta kipago cha mwisho kwa kiganja na kuwauliza: mtu wa chini atapanda wapi?

Watoto walimjibu kwa ukweli wa watoto: «Mwalimu, sisi hata cha kwanza hatujapanda.»

Na ni kweli. Timu ile ilikuwa inaishi kwa michango. Mzazi mmoja anatoa franka 500, mwingine kilo ya maharagwe, mfugaji mmoja alizoea kutoa jibini, inauzwa, mpira unanunuliwa. Kwenda kucheza Sake ilikuwa ni kuomba nafasi juu ya Fuso iliyobeba viazi, na kurudi ni kumwomba Mungu mvua isinyeshe. Mara mbili walishindwa kusafiri kwa sababu ya risasi barabarani, wakahesabiwa wamefungwa mabao 3 bila kugusa mpira. Mwalimu bado anazikataa mechi hizo mbili. Kwake msimu ule walipoteza moja tu.

Basi kwa nini mtu wa namna hiyo ahangaike na Super League? Mwenye chumba cha video cha Ndjingala alimuuliza swali hilo waziwazi, wakingoja mafuta ya jenereta. Yeye aliitaka ligi ile. Hesabu yake ni ya mbao: Real Madrid na Manchester United, watu wanakaa hata sakafuni, Burnley na Brighton, anabaki yeye na mbwa. «Mwalimu, wakicheza wakubwa peke yao kila juma, nitanunua televisheni ya pili.»

Mwalimu akamuuliza: «Na Leicester?»

Hapo mwenye video akanyamaza kidogo. Msimu wa 2015-2016, wakati ule akifanya kazi hiyo Goma, Leicester City ilianza msimu hakuna aliyetaka kuilipia hata franka 100. Makampuni ya kamari Uingereza yalikuwa yanatoa 5,000 kwa 1. Kufika mwezi wa nne watu walikuwa wanapigania nafasi kuitazama, watu ambao hawajui Leicester iko upande gani wa Uingereza. Lakini Leicester ilitokea mara moja tu. Manchester City, yenye fedha za Abu Dhabi tangu 2008, ilichukua ubingwa mara nne mfululizo, 2021 hadi 2024. Bayern ilichukua wa Ujerumani mara 11 mfululizo mpaka Leverkusen ilipoukata mnyororo 2024. Mwenye video alikuwa na haki kusema kwamba mlango umekwisha fungwa nusu bila Super League yoyote, na mwalimu hakumpinga. Alisema tu kwamba mlango uliofungwa nusu unaweza bado kuingiza mtu mwembamba.

Super League ya Ulaya ilianguka kwa siku mbili. Tarehe 20 mashabiki wa Chelsea walizuia basi la timu yao nje ya uwanja wa Stamford Bridge, na kabla ya usiku kwisha klabu zote sita za Uingereza zilikuwa zimejitoa au zimetangaza kwamba zinajitoa. Jambo hilo mwalimu hachoki kulirudia. Wale watu walizuia basi, basi likasimama. Masisi wanaotazama mpira ni wengi, wanalipa, wanavaa jezi, lakini hakuna basi la kuzuia. Wanahesabiwa wanapotazama tu. Hakuna anayewauliza kitu.

Afrika nayo ilijaribu ya kwake. Mwezi wa nane 2022, Arusha, Patrice Motsepe wa CAF alitangaza Super League ya klabu 24, zawadi dola milioni 100, bingwa milioni 11.6. Ilipoanza mwezi wa kumi 2023 ilikuwa imebadilishwa jina, klabu zimebaki 8, na bingwa, Mamelodi Sundowns, alipata milioni 4. Kongo iliwakilishwa na TP Mazembe, timu yenye mataji matano ya Afrika na tajiri wake Moïse Katumbi. Mazembe iliifunga Espérance 1-0, na mechi hiyo ya «nyumbani» ilichezwa Dar es Salaam. Kule Tunis ikafungwa 3-0, mambo yakaishia hapo. Mwaka uliofuata ligi haikuchezwa. Kijana wa jezi alimuuliza mjomba wake kwa nini timu ya Kongo yenye fedha hivyo icheze nyumbani kwa watu. Mwalimu alisema hilo aulize Lubumbashi.

Halafu likaja jambo lililowagawa watu hawa wawili kuliko mechi yoyote.

Mwezi wa saba 2025 serikali ya Kongo ilitangaza kwamba nayo imenunua nafasi yake. Monaco ilitangulia, ikafuata AC Milan, halafu Barcelona: miaka minne, zaidi ya euro milioni 40, na maneno ya kuisifu Kongo kama moyo wa Afrika mgongoni mwa nguo za mazoezi. Kijana alifurahi sana. Alikimbia kutoka mahali penye mtandao mpaka nyumbani kumwonyesha mama picha. Sasa na sisi tuko, alisema. Sasa na wao watatuona.

Mwalimu aliitazama picha kwa muda mrefu. Walimu wa Masisi na Walikale hawahitaji kukumbushwa ni miezi mingapi mshahara unachelewa, na uwanja wa Ndjingala una jiwe kubwa karibu na goli la upande wa mto ambalo hakuna aliyepata fedha ya kulipasua. Akasema: «Jirani amepaka jina lake kwenye ukuta wa tajiri. Sasa na sisi tumekopa rangi.» Kijana akamjibu kwa heshima, lakini akamjibu: «Mjomba, ulitaka tunyamaze, ukuta ubaki na jina moja tu?»

Hilo si swali la kitoto, na mwalimu hakulijibu siku ile. Kwa maoni ya watu wengi waliosimama pale, kijana alishinda. Kwa hesabu ya jiwe la golini, alishinda mwalimu. Yote mawili yanaweza kuwa kweli, na Barcelona inapokea fedha kwa vyovyote.

Inafaa kusema kwamba mama hakuwa peke yake na kiraka chake. Mwezi wa nne 2025, London kwenyewe, kikundi cha mashabiki wa Arsenal kilichojiita Gunners for Peace kiligawa vitambaa vya kufunga mkononi, ili mtu afunike maandishi yale yale. Walisema kwa mzaha kwamba afadhali waandikiwe Visit Tottenham, na anayejua Arsenal na Tottenham anaelewa uzito wake. Kijana alipoiona habari hiyo kwenye simu ya rafiki alimpelekea mama mbio. Mama alitazama kile kitambaa cha Waingereza, akasema wamefunga tu, hawakushona, kitadondoka.

Bayern ilibadili mkataba wake mwezi wa nane, ukabaki wa kufundisha vijana. PSG iliongeza wake hadi 2028. Mwezi wa kumi na moja Arsenal ikatangaza kwamba yake na Rwanda itakwisha msimu utakapomalizika, mwezi wa sita 2026. Usiku huo kijana alitaka kiraka kitolewe. Alisema hakina kazi tena, jezi irudi kuwa jezi.

Mama akaichukua, akaigeuza nje ndani, akamwonyesha upande wa pili chini ya taa. Siku ile ya kukimbia hakushona juu ya maandishi. Aliyakata kwanza kwa wembe, akayatupa njiani, ndipo akashona. Chini ya kiraka hakuna kitambaa, kuna tundu tu.

Jumamosi iliyofuata kijana aliivaa hivyo hivyo mazoezini. Mwalimu alimweka golini, upande usio na jiwe.