Kariakoo kwa wawili: cherehani, mkate na bajeti moja

Ukitaka kumjua vizuri mwenzio, usimpeleke ufukweni. Mpeleke Kariakoo Jumamosi asubuhi, mkiwa na mahitaji mawili na bajeti moja. Mimi nilitaka cherehani, mume wangu alitaka mashine ya kuoka mkate. Mkononi tulikuwa na laki tano, akiba ya miezi sita, na wote wawili ni wanafunzi wa darasa la kwanza.

Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Jengo la soko, lililosanifiwa na Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na Julai 2021 likaungua moto. Lakini Kariakoo si jengo tu, ni mitaa: Kongo, Msimbazi, Aggrey, Narung'ombe. Ukishuka mwendokasi Gerezani, winga atakuwahi: "Dada, unatafuta nini nikupeleke?" Ni mkarimu kweli, ila kumbuka cha juu chake kipo ndani ya bei utakayotajiwa. Kama una muda, zunguka mwenyewe, uliza maduka matatu, ndipo uanze kupatana.

Cherehani kwanza

Kuna zile ndogo za plastiki, nyepesi kama mkoba, zinavutia macho na mfuko. Kwa kushona pindo la kitambaa chepesi, sawa. Ukiipa jinzi, inagoma. Kuna za umeme za nyumbani, zenye zigizaga na tundu za vifungo. Na kuna zile nyeusi za chuma, za kukanyaga kwa miguu. Nyingi zinashona mstari ulionyooka tu, lakini hazihitaji umeme, na fundi wake yupo karibu kila mtaa.

Siri yangu ni moja: nilibeba vipande vya kanga, jinzi na fulana. Mwambie muuzaji akushonee vyote mbele yako, jinzi ikunjwe mara mbili. Kisha geuza kitambaa. Uzi wa chini ukitoka umelegea kama tambi, mwambie aurekebishe kabla hujafungua pochi. Uliza pia bobini na sindano zake zinapatikana wapi.

Zamu ya mkate

Mashine hii inakanda, inaumua na kuoka kwenye sufuria hiyohiyo, kwa muda wa saa tatu hivi. Hapa tazama mambo matatu. Kwanza, iwe ya volti 220 hadi 240; zilizotoka Marekani ni za 120 na zitakudai transfoma. Pili, kile kidude cha kukandia kinachokaa chini ya sufuria kiwepo, na sufuria isiwe imechubuka. Tatu, uliza umeme ukikatika katikati inakuwaje. Nyingine zinakumbuka zilipoishia kwa dakika chache, nyingine zinaanza moja, na unga wako ndiyo basi.

Hesabu ya wawili

Tulichukua ile nyeusi ya chuma, iliyotumika, na meza yake. Pesa iliyobaki haikutosha mashine mpya ya mkate, na ya mtumba tuliyoiona haikuwa na kidude cha kukandia. Muuzaji akasema, "Kaka, utakipata tu." Wapi, hakusema. Mume wangu akairudisha mezani, akanyamaza mitaa miwili mizima.

Hapo ndipo bajeti inapogeuka kuwa jambo la mapenzi. Mmoja akirudi nyumbani na kitu na mwingine mikono mitupu, cherehani itashona nguo huku ikifumua mengine. Nikamwambia, "Mume wangu, iliyobaki ni yako. Hatuigusi kwa pazia wala kwa mchango wa harusi ya mtu." Tukaiandika kwenye daftari la nyumba, kwa jina lake.

Kwa hiyo wapendwa, kabla hamjatoka nyumbani kubalianeni nani atatangulia na mwenzie atalipwa lini. Tengeni pesa ya uzi, mafuta ya cherehani na usafiri wa mzigo. Dai risiti na waranti ya maandishi. Na mkibaki na chochote, kuleni chipsi yai pamoja, maana Kariakoo haitembeki na njaa.