Wati Sita Zimenitosha

Naishi Kisangani, na riziki yangu ni kuwachapia wanafunzi wa chuo kikuu tasnifu zao. Kwa muda mrefu niliamini kuwa kompyuta nzuri ni ile yenye nguvu kubwa. Nilipopata mashine ya prosesa ya wati 45, niliona nimefika. Zile ndogo nilizidharau, tena mbele ya wenyewe.

Umeme wetu unatoka kwenye bwawa la mto Tshopo, lililojengwa enzi za Wabelgiji, na mji umekua sana tangu wakati huo. Umeme ulipokatika, betri yangu ilikwisha kabla sijamaliza sura moja. Nikawasha jenereta. Petroli ikala malipo ya wanafunzi, kisha ikagusa ada ya watoto. Nikalaumu giza. Sikujiuliza ule umeme kidogo niliopata ulikuwa unaishia wapi. Mwingi uligeuka joto, na feni ikala mwingine kulitoa nje.

Jioni moja nilikwama na kazi ya mwanafunzi ambaye angetetea tasnifu yake asubuhi. Mama mmoja wa parokia yetu, ambaye kompyuta yake nilikuwa nimeibeza, alisikia. Akamtuma mwanawe aniletee mashine hiyohiyo: ina prosesa ya Celeron N4000 ya wati 6, haina hata feni. Hakunikumbusha maneno yangu. Usiku ule nilichapa hadi ukurasa wa mwisho kwa betri tu. Sikustahili wema ule, na namshukuru Mungu kwa ajili yake hadi leo.

Ndipo nikaanza kujifunza. Betri ya wati-saa 36 humalizwa kwa saa moja na mashine inayokula wati 36. Inayokula wati 6 huifikisha saa sita. Siri kubwa iko kwenye volti za prosesa: kwa kasi ileile, ukizipunguza kwa nusu, umeme unaotumika kuwasha na kuzima transista hushuka hadi robo. Nikasoma pia habari za Sophie Wilson na Steve Furber wa kampuni ya Acorn, Cambridge. Mwaka 1985 walijaribu prosesa yao ya kwanza ya ARM, wakakuta inafanya kazi ingawa waya wake wa umeme haujaunganishwa. Ilitosheka na umeme uliovuja kutoka saketi za jirani. Karibu kila simu ya mkononi leo ina prosesa ya ukoo huo. Nilikuwa nikiibeba mfukoni huku nikiidharau.

Kuzoea hakukuwa rahisi. Mashine ndogo ni nzito kufungua mambo mengi pamoja, na kiburi kilinirudia mara nyingi. Anayehariri video bado anahitaji kubwa. Lakini mimi huchapa maneno, na sasa paneli ndogo ya jua inanitosha.

Ndugu yangu unayekusanya fedha za kompyuta, kabla hujauliza kasi yake, uliza inakula wati ngapi.